Nani alileta kolera? Historia ya maji ya Uvira, Bujumbura na ufukwe wetu

Insha yetu ya safari hii inahusu maji. Tulitaka kuandika juu ya kitu kingine, lakini asubuhi moja pale kwenye robine jambo lilitokea, na tangu siku hiyo hatujaacha kuliongelea. Basi tukaona afadhali tulisome vizuri, halafu tuwaandikie.

Ilikuwa hivi. Robine ilikuwa imekauka siku tatu. Siku ya nne maji yakarudi, kidogo kidogo, na mstari wa mabidoni ukafika mpaka karibu na barabara ya RN3. Wenyeji na wakimbizi tulikuwa tumechanganyika. Mama mmoja alikuwa amechoka kusimama, akatutazama akasema: “Tangu mulikuja, kolera nayo ikakuja.” Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wote tulisikia. Dada yetu mmoja alitaka kumjibu vibaya, tukamzuia. Mwingine akasema tu: “Mama, utusamehe, na siye tunaiogopa kama wewe.” Mstari ukanyamaza.

Jioni tuliulizana: je, ni kweli? Sisi ndio tuliileta? Tulikasirika, ndiyo, lakini hasira si jibu. Tukaanza kutafuta. Tuliwauliza wazee, tukasoma tulichopata kwenye simu, tukakumbuka tuliyoyaona Uvira kabla ya kuvuka. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana kila mtu anayefika Muhuta analiona na kujiuliza: kukosa maji hapa kunawezekanaje? Tanganyika lina urefu wa kilomita kama 670 na kina cha mita 1,470. Kwa kina ni la pili duniani, baada ya Baikal kule Urusi. Karibu sehemu moja kati ya sita ya maji yote baridi ya juu ya ardhi, yasiyoganda, imo humu. Nchi nne zinaligawana: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Sasa mtu mwenye bidoni tupu akisimama mbele ya maji mengi namna hii, anaona kama anachekwa.

Lakini ziwa lina tabia yake. Maji yanaingia kwa mito mingi, Rusizi huku kaskazini, Malagarasi upande wa Tanzania, na vijito vyote vinavyoshuka kwenye milima yetu. Mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitaka kujua kama Rusizi inatoka ziwani kwenda kuwa mto Nile. Watu wa hapa waliwaambia wazi: Rusizi inaingia, haitoki. Wageni waliendelea kubishana miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipofika mdomoni mwa Rusizi Novemba 1871 wakaona kwa macho yao kwamba wenyeji walisema kweli. Tunakumbusha hili kwa sababu moja: kinachoingia ziwani hakitoki haraka. Maji mengi yanaondoka kwa kupanda hewani kwa jua, na uchafu haupandi pamoja nayo. Tunachomwaga leo kitakaa hapa na wajukuu zetu.

Sasa kolera, yaani kipindupindu. Ule wimbi la kolera ambalo bado linazunguka dunia lilianza Indonesia mwaka 1961. Lilifika Afrika Magharibi mwaka 1970, likasambaa nchi kwa nchi. Burundi iliipata mwaka 1978, na ilianzia huku huku kwenye ufukwe wa Tanganyika. Tangu hapo imekuwa inarudi, miaka mingine kidogo, miaka mingine sana: Rumonge, Nyanza-Lac, Bujumbura, Cibitoke. Ng'ambo ni vilevile, Uvira, Fizi, Kalemie. Wataalamu wanasema kidudu chake kinaweza kuishi majini, na ndiyo maana miji ya maziwa yetu makubwa haijaachwa kabisa.

Mwaka 1978! Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezaliwa. Mzee mmoja mvuvi tuliyemuuliza alicheka kidogo, akasema yeye alikuwa kijana wa kuvuta nyavu wakati huo, na kwamba kolera anaijua kabla hajaijua redio. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama yetu lipo: hatukuileta. Ilitutangulia.

Lakini tukisimama hapo tutakuwa tumejitetea tu, hatujaelewa kitu. Maana kama kidudu kipo miaka yote, kwa nini watu hawaugui kila siku? Kwa nini mwezi mmoja kimya, halafu mwezi mwingine hospitali inajaa? Kwa hapo ilitubidi tuangalie namna mji unavyopata maji yake.

Tuangalie Bujumbura kwanza, maana ndiyo jirani mkubwa wa Muhuta, na wengi wetu tuna ndugu kule. Wajerumani waliweka kituo cha askari pale mwishoni mwa miaka ya 1890, wakakiita Usumbura. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji wakashika nchi, na baadaye mji ukaanza kupangwa kwa kutenganisha watu. Wazungu walikaa upande wa Rohero. Waafrika wakawekwa Buyenzi na Bwiza, na Buyenzi ndiyo ikawa kartie ya Waswahili mpaka leo. Miaka ya 1950 ofisi ya Wabelgiji ya kujenga makazi ya Waafrika ilijenga Ngagara, na wazee bado wanaiita OCAF kwa jina la ofisi ile. Mji ukapangwa kwa watu wachache. Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ikawa Bujumbura, na watu wakaendelea kuja. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu karibu watu 500,000, na tangu hapo mji umezidi kupanda milimani na kuteremka kuelekea kusini.

Shirika la maji la Bujumbura linaitwa REGIDESO. La Uvira nalo linaitwa REGIDESO. Si shirika moja, ni nchi mbili, lakini jina ni lile lile kwa sababu ni urithi wa wakati wa Wabelgiji, waliotawala pande zote mbili za ziwa. Tofauti moja ni kwamba ya Burundi inauza maji na umeme pia, na ya Kongo inauza maji peke yake, umeme uko kwa SNEL.

Sehemu kubwa sana ya maji ya Bujumbura inatoka ziwani. Namna yanavyofika kwenye robine ni hivi, kwa kifupi. Bomba kubwa linaingia ndani ziwani, mbali na ufukwe, kwa sababu karibu na ufukwe ndiko mito Ntahangwa, Muha na Kanyosha inakomwaga takataka za mji. Pampu inayavuta mpaka kiwandani. Kule wanatia dawa ya kukusanya uchafu, kama ile shabu ambayo mama zetu wanatia kwenye ndoo, ili matope yashikane na kuzama. Halafu maji yanapita kwenye chujio la mchanga. Halafu wanatia klorini, na hii ndiyo inayoua vidudu na kuyalinda maji njiani. Mwisho pampu nyingine zinayasukuma kwenye matangi yaliyo juu kwenye vilima, na kutoka hapo yanashuka yenyewe kwenye mabomba mpaka kartie.

Hesabuni hatua zile. Kila moja inataka kitu: umeme, dawa, vipuri, fundi, na pesa ya kulipa hivyo vyote, ambayo inatoka kwenye fakitire za wateja. Kikikosekana kimoja tu, robine inakauka, hata kama ziwa limejaa mpaka juu. Umeme wenyewe unatoka mbali. Kwenye Rusizi kuna bwawa la kwanza lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili lililoanza kazi mwaka 1989, ambalo Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule zililimiliki pamoja kupitia shirika la SINELAC. Kwa hiyo vita au mgogoro kule juu unaweza kufika huku chini kama kiu.

Na maji yakipungua, hayapungui kwa wote sawasawa. Wanaokaa juu kilimani wanayakosa kwanza, maana nguvu ya maji haiwafikii. Wanaokaa mwisho wa bomba nao wanayakosa. Kartie mpya zinayakosa zaidi, kwa sababu watu wanajenga kwanza, bomba linakuja miaka mingi baadaye, na bomba lenyewe ni lile lile la zamani linaloongezewa matawi. Upande wa maji machafu ni shida zaidi. Bujumbura ina kiwanda kimoja tu cha kuyasafisha, kile cha mabwawa ya Buterere, na kinahudumia sehemu tu ya mji. Mengine yanarudi ziwani, yaani kule kule tunakoteka.

Sasa tuvuke ng'ambo twende Uvira, mji wetu wengi humu kundini. Hapa ndipo tulipopata jibu lililotushangaza.

Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa. Nyumba zimeshikana, avenyu kwa avenyu, na kila mwaka watu wanaongezeka, wengine wakikimbia vijiji vya juu. Maji ya REGIDESO yanatoka mto Mulongwe, kwenye kiwanda kimoja. Kimoja tu kwa mji mzima. Umeme ukikatika, au dawa ya kusafishia ikiisha, mji unabaki hivyo. Nani kati yetu hakumbuki? Mama anakuamsha saa tisa usiku: “Amuka, maji imetoka!” Unakimbia na mabidoni, unajaza mpaka sufuria. Na yasipotoka siku mbili, unajua pa kwenda: ziwani, au Mulongwe, au Kalimabenge.

Watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walifanya kitu rahisi sana. Hawakuleta mashine kubwa. Walichukua orodha mbili zilizokuwa zinaandikwa Uvira kila siku. Moja ilionyesha kiwanda cha maji kimetoa kiasi gani siku hiyo. Nyingine ilionyesha wagonjwa wangapi wameingia kituo cha kutibu kolera. Wakaziweka pamoja kuanzia mwaka 2009 mpaka 2014, siku kwa siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015.

Walikuta nini? Baada ya siku moja bila maji ya bomba, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155 kwa wastani, ukilinganisha na baada ya siku ambayo kiwanda kimefanya kazi vizuri. Yaani zaidi ya mara mbili na nusu. Walihesabu pia kwamba asilimia 23 ya wagonjwa wote wa miaka ile, karibu mmoja kati ya wanne, wasingelazwa kama bomba lingetoa maji vizuri.

Kuna jambo jingine ndani yake ambalo lilitunyamazisha. Kartie zilizokuwa zinatumia sana maji ya robine zilikuwa na wagonjwa wachache kwa kawaida. Lakini maji yakikatika, hizo ndizo ziliumia zaidi: wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara tatu na nusu. Tulijadiliana sana kwa nini. Tunavyofikiri sisi, mtu aliyezoea robine hana akiba ya kutosha, hana mazoea ya kuchemsha, hajui sehemu gani ya ziwa ni afadhali. Robine ilimlinda, na siku ilipomwacha alikuwa hana kinga nyingine.

Na ile siku nzuri ya kiwanda ilikuwa nzuri kiasi gani? Watafiti wanasema mita za ujazo 4,794. Tulipiga hesabu wenyewe. Ni lita 4,794,000. Uvira ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya 200,000. Ukigawa, haifiki lita 24 kwa mtu, hata kama hakuna tone lililovuja njiani, na mabomba yetu mnayajua. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika mengi yanazifuata wakati wa dharura, zinasema kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Kwa hiyo siku nzuri kabisa ya mji wa kawaida, wenye hospitali, shule na soko, ilikuwa juu kidogo tu ya kipimo cha kambi ya dharura.

Baada ya hapo kazi ilifanyika kweli, tusikatae. Shirika la maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Veolia Foundation walisaidia REGIDESO kutengeneza kiwanda, matangi, mabomba na robine za jamii. Halafu usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua ilinyesha milimani, Mulongwe ikafurika. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka, na mitambo ya maji ikaharibika. Mto uliokuwa unanywesha mji ndio ulioukatia mji maji. Baadhi yetu tulikuwepo. Tulichimbua vyombo kwenye matope huku tukiwa na kiu.

Kwa hiyo ukituuliza nani analeta kolera Uvira, jibu halina jina la mtu wala kabila wala nchi. Tazama kwanza siku ambayo maji yalikatika, halafu hesabu siku 12.

Mtu anaweza kusema, hayo ni mambo ya Afrika, miji maskini. Hapana. Tusafiri kidogo mpaka Ujerumani, mwaka 1892, kwenye mji wa Hamburg. Ulikuwa mji tajiri, wa bandari, umekaa kando ya mto mkubwa wa Elbe kama Bujumbura ilivyokaa kando ya ziwa. Hamburg ilikuwa na mabomba mpaka ndani ya nyumba. Ila wakubwa wa mji walikuwa wamechelewesha kujenga chujio la mchanga kwa miaka mingi, wakibishana juu ya gharama. Maji ya mto yalikuwa yanaingia mabombani hivi hivi. Mji jirani, Altona, ulikuwa umeshikana nao kabisa, mpaka ulikuwa katikati ya mitaa. Altona ilikuwa inateka chini ya mto, baada ya uchafu wote wa Hamburg kupita. Lakini Altona ilikuwa inachuja.

Kolera ilipokuja Agosti mwaka ule, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,500 kwa wiki chache. Altona iliguswa kidogo tu. Kwenye barabara za mpakani, upande mmoja watu walikufa, upande wa pili wakabaki wazima. Hewa ilikuwa ile ile, na mto ule ule. Kilichowatenganisha ni mchanga wa kuchujia.

Na mnajua nani alilaumiwa haraka? Wahamiaji kutoka Urusi, wengi wao Wayahudi waliokuwa wanakimbia mateso, ambao walikuwa wamewekwa kwenye mabanda bandarini wakingoja meli za kwenda Marekani. Marekani nayo ikawawekea karantini. Hata kama kidudu kilipita kwa msafiri fulani, Altona inatuonyesha kwamba kidudu peke yake hakitoshi kuua mji. Mwaka uliofuata Hamburg ilifungua chujio lake. Tuliposoma hapo, dada yetu aliyetaka kujibu vibaya kwenye mstari alisema: “Kumbe hata kule walituambia hivyo.” Alisema “walituambia”, ingawa ilikuwa zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Sasa turudi nyumbani, Muhuta. Hapa si mji mkubwa, lakini ufukwe umejaa watu, na nafasi ni nyembamba: ziwa, barabara, halafu mlima unapanda mara moja. Maji yetu ya robine hayatoki ziwani. Mengi yanatoka kwenye chemchemi za milimani na kushuka yenyewe kwa mteremko, bila pampu. Hiyo ni baraka, kwa sababu umeme ukikatika maji yanaendelea. Lakini mlima wenyewe hautulii. Machi 2015 udongo ulishuka Gitaza, ukaziba RN3, na watu walipoteza nyumba na ndugu. Bomba lililolazwa kwenye mteremko kama huo linakatika na udongo, au linang'olewa na kijito, na kulirudisha kunataka fundi, mabomba mapya na pesa. Vijijini Burundi kazi hiyo iko kwa regi ya maji ya komine na kamati za watumiaji, na mfuko wao unategemea mchango wa watu ambao wengi wao hawana kitu.

Ziwa nalo limepanda. Mwaka 2024 lilifika juu sana, likaingia kwenye nyumba na mashamba huko Gatumba, Bujumbura na Rumonge, mpaka Aprili serikali na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada wa dunia. Wazee wanakumbuka lilipanda pia miaka ya mwanzo ya 1960. Lakini wakati ule ufukweni hapakuwa na vyoo vingi namna hii. Ziwa likiingia chooni, kila kilichomo kinaingia ziwani, na robine ikiwa imekauka, mtoto anatumwa kuteka pale pale.

Halafu sisi tukaja, na tukaongeza watu kwenye bomba ambalo tayari lilikuwa halitoshi. Hilo ni kweli na lazima tuliseme. Hatukuleta kolera, lakini tumerefusha mstari. Mama yule alikuwa anateka dakika chache, sasa anasimama saa mbili. Hasira yake ina sababu, ila ameielekeza pasipo. Tungependa aielekeze pamoja na siye kwenye swali moja: bomba lilikatika siku gani, kwa nini, na lilichukua siku ngapi kutengenezwa?

Basi tumeanza daftari. Ni wazo tulilolichukua kwenye zile orodha mbili za Uvira. Kila siku kijana mmoja wa zamu anaandika: robine imetoa au haijatoa, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, mstari ulikuwa wa mabidoni mangapi, na kama imekatika, watu walienda kuteka wapi. Tunaandika kwa Kiswahili na Kirundi ili mwenyeji na mkimbizi wasome sawa. Hatuandiki majina ya wagonjwa, hiyo ni kazi ya kituo cha afya na ni siri ya mtu. Tunaandika maji tu. Mzee mvuvi amekubali kutuambia kila anapoona ziwa limebadilika rangi au limepanda.

Kwa ninyi ndugu zetu wa mashirika, tuna maneno machache, na tunayasema kwa heshima. Lori la maji likija, tunashukuru, watu wanakunywa. Lakini lori likiondoka, bomba linabaki kama lilivyokuwa. Mkija kupima, msiulize tu robine ni ngapi. Ulizeni inatoka siku ngapi kwa wiki, maana robine iliyokauka inahesabiwa kwenye ripoti kama robine. Mkitengeneza bomba, litengenezeni kwa wote, mwenyeji na mkimbizi wateke pamoja, ili lisiwe sababu ya chuki. Na mkiondoka, acheni vipuri na fundi wa hapa anayejua kuvifunga. Pia tuambieni mapema maji yakitarajiwa kukatika. Siku moja ya kujua mbele inatosha kujaza mabidoni na kutafuta klorini.

Kwa vijana wenzetu: robine ikikauka, zihesabuni zile siku 12 kama siku za hatari. Maji ya ziwa yasinyweke bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Bidoni ioshwe ndani, ifunikwe. Mikono kwa sabuni, hasa baada ya choo na kabla ya kula. Mtu akianza kuhara maji maji kama ya mchele, msingoje asubuhi: mpeni maji ya chumvi na sukari, au ORS, mkiwa njiani kwenda kituo. Kolera inaua kwa saa chache, lakini ikiwahiwa karibu kila mtu anapona.

Wiki iliyopita tulikutana tena na mama yule kwenye mstari. Kijana wa zamu alikuwa anaandika. Mama akauliza anaandika nini, akaelezwa. Akafikiri kidogo, halafu akasema: “Andika na ile wiki ya mbele ya Krismasi, maji yalikosekana siku tano, mulikuwa hamujafika bado.” Tukaiandika. Sasa iko kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya siku zetu zote.

Kama mahali mlipo robine inakauka, anzeni daftari lenu na mtuambie. Tutalinganisha.